Kusubiri Makaratasi Kanada Bila Kusimamisha Maisha

Siku Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi ya Kanada inapokukubalia, simu hazikauki. Wa Goma wanapiga vigelegele, wa kambi ya Nyarugusu wanauliza waanze lini kufunga mizigo, na Jumapili au Ijumaa inayofuata unaombewa mbele ya watu. Furaha hiyo ni ya haki kabisa. Ila uamuzi wa Bodi umekupa ulinzi tu, haujakupa ukaazi wa kudumu. Ukaazi unaombwa upya, kwa fomu nyingine, kwa wizara ya uhamiaji ambayo sote tunaiita IRCC. Ukishatuma maombi hayo unaingia kwenye foleni, nayo inaweza kukuweka miaka.

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Uganda na Rwanda wako ndani ya foleni hiyo sasa hivi, Toronto, Hamilton, Ottawa, Montreal, Edmonton, Winnipeg. Nimeketi na baadhi yao mezani, barua za serikali zimetandazwa mbele yetu, na nimeona watu wa aina mbili. Kuna anayesimamisha kila kitu: hasomi, hahami chumba cha muda, hanunui hata kitanda kizuri, anasema "nikishapata makaratasi". Na kuna anayelijua faili lake vizuri, analipangia siku yake, kisha anaendelea kuishi. Wote wawili foleni yao inakwenda kwa mwendo ule ule. Wa pili anafika mwisho akiwa na lugha, cheti, akiba na nguvu za kuipokea familia. Makala haya ni ya kukusaidia uwe huyo wa pili, na pia kukuonya juu ya makosa mawili yanayoweza kuharibu kila kitu: kuficha mtu wa familia, na kurudi nyumbani kabla ya wakati.

Kwa nini inachukua muda huu wote

Kila mwaka, kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba, serikali ya Kanada hutangaza mpango wa idadi ya watu itakaowapa ukaazi wa kudumu. Kila kundi lina fungu lake: wafanyakazi wenye ujuzi, wenzi na wazazi, wakimbizi wanaoletwa kutoka makambini, na sisi tuliokubaliwa tukiwa tayari ndani ya nchi. Kwa mwaka 2025 fungu letu, likijumlisha na familia zilizo nje, lilikuwa watu 20,000. Wanaokubaliwa na Bodi kwa mwaka wamekuwa wengi kuliko nafasi hizo, kwa hiyo mlundikano unakua hata kama maofisa wanafanya kazi bila kupumzika. Novemba 2025 serikali ilitangaza hatua ya mara moja: kuwapa ukaazi watu waliopewa ulinzi wapatao 115,000 katika miaka 2026 na 2027, mbali na fungu la kawaida. Hiyo ni habari njema, lakini haimwambii mtu yeyote tarehe yake.

Nakueleza haya kwa sababu ukimya wa wizara humfanya mtu ajitafute kosa. Anaanza kuwaza labda alijibu vibaya, labda jina lake limefanana na la mtu mwingine, labda kuna aliyemsema vibaya. Mara nyingi hakuna lolote. Nafasi za mwaka zimejaa na faili limekaa mahali pake.

Usipime faili lako kwa la jirani. Yule aliyeomba baada yako akapata kabla yako huenda yuko peke yake, hana mke wala watoto nje, na uchunguzi wa usalama wake umekwisha mapema. Wewe una watoto 4 walio Kampala au Bujumbura ambao nao lazima wapimwe afya na kukaguliwa nyaraka kupitia ofisi ya visa ya ng'ambo, na ofisi ya Nairobi kwa miaka mingi imebeba faili za nchi nyingi za ukanda wetu. Magurupu ya WhatsApp ambamo watu wanatangaziana tarehe zao yana faida yake, lakini kama ukitoka humo usiku hulali, nyamazisha arifa.

Lijue faili lako

Tafuta bahasha moja ngumu na folda moja kwenye simu. Weka humo uamuzi wa Bodi, nakala kamili ya fomu ulizotuma, risiti ya malipo, barua ya kukiri kupokewa kwa maombi, na kila ujumbe ulioandikiana na wizara. Namba mbili uzijue kama unavyojua tarehe ya kuzaliwa ya mwanao: namba ya maombi, na namba ya mteja inayoitwa UCI, yenye tarakimu 8 au 10. Bila hizo hakuna ofisi itakayoweza kukusaidia.

Nakala ya fomu ndiyo watu wengi hawana. Walijaziwa na mtu, wakaweka sahihi, wakaondoka. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, mwombe wakili wako nakala wiki hii hii. Faili ni lako, na yeye ni msaidizi tu. Ukiipata, isome mstari kwa mstari na mtu anayeijua lugha ya fomu vizuri. Tazama tahajia za majina hasa. Sisi tunatoka kwenye nchi ambako mtu ana jina la ubatizo, jina la kabila na jina la babu, na kila karani amewahi kuyapanga anavyotaka. Kongo cheti cha shule kinaweza kusema hivi, kadi ya mpiga kura vile, na karatasi ya kambi vingine kabisa. Watoto nao wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu karani wa kambi hakuwa na muda. Tofauti hizo si uhalifu, lakini zisipoelezwa zinasimamisha faili. Andika maelezo mafupi ya kweli, yaambatanishe na nyaraka ulizonazo, uyatume kupitia fomu ya mtandaoni ya wizara kabla hujaulizwa.

Asiye na pasipoti wala kitambulisho cha taifa asikate tamaa. Kanuni za uhamiaji za Kanada zinawaruhusu waliopewa ulinzi kutumia nyaraka nyingine za utambulisho au, kama hazipo, viapo vya kisheria vya watu wanaomfahamu. Hilo ni la kufanya na wakili au kituo cha wakimbizi, maana kiapo kilichoandikwa ovyo kinazaa maswali zaidi.

Ukihama nyumba, ijulishe wizara. Ukibadilisha namba ya simu au barua pepe, ijulishe. Ukihama mkoa, pia. Quebec ina hatua zake za mkoa katika maombi haya, kwa hiyo anayeingia au kutoka huko azungumze na mwanasheria kwanza. Wizara inaweza kukutumia barua pepe yenye siku chache za kujibu, na barua hiyo ikatua kwenye folda ya barua taka. Pangia kazi hii siku mbili za wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi baada ya kazi: fungua barua pepe, tazama na folda ya taka, ingia kwenye akaunti yako, kisha funga. Siku nyingine usiguse. Anayefungua mara 15 kwa siku hapati jibu mapema zaidi; anajichosha moyo tu. Na kama barua pepe yako ya maombi ilifunguliwa na binamu au na aliyekujazia fomu, badilisha leo, uwe na nywila yako mwenyewe.

Vipimo vya afya vinadumu miezi 12. Usikimbilie kuvirudia kwa hofu kwamba vimeisha muda. Subiri maelekezo ya wizara, kisha nenda kwa daktari aliyeidhinishwa nao, maana vipimo vya daktari wako wa kawaida havikubaliki.

Orodha ya familia

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu hapa ndipo nimeona machozi yasiyofutika.

Kwenye maombi ya ukaazi unatakiwa kumtaja mwenzi wako na kila mtoto unayemtegemeza, awe anakuja nawe au haji. Awe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Awe unaishi naye, au alilelewa na bibi yake Bukavu na hujamwona tangu akiwa mchanga. Mtoto ambaye hukumtaja na hakukaguliwa kabla hujapata ukaazi, sheria inamtoa katika kundi la watu unaoweza kuwadhamini baadaye kama familia. Kuna njia za kuomba huruma, lakini ni ndefu na hazina uhakika.

Watu huficha kwa sababu tunazozijua. Baba ana mtoto ambaye mke hajui. Mama aliambiwa na kishoka kwamba watoto wengi watachelewesha kesi. Mwingine aliona haya kutaja mtoto aliyetokana na ubakaji wakati wa vita. Mwingine alidhani mtoto akiwa na shangazi si wake tena kwenye karatasi. Sababu zote hizo zinaeleweka na binadamu mwenye moyo. Lakini fomu haijui sababu. Kama kuna jina halipo, zungumza na wakili sasa, kabla ukaazi haujatoka, kwa sababu kabla yake mambo yanaweza kurekebishwa na baada yake mlango unakuwa mwembamba sana. Kama ni siri ya ndoa, wakili analazimika kuitunza.

Mambo yakibadilika ukiwa kwenye foleni, toa taarifa vilevile. Umeoa au umeolewa, mmetengana, amezaliwa mtoto, mtu amefariki: yote yaandikwe. Mtoto aliyezaliwa Kanada ni raia tangu pumzi ya kwanza na haombewi ukaazi, ila anatajwa kama mwanafamilia.

Sasa la kutuliza moyo. Wazazi wengi wanaogopa kwamba mtoto atapita umri wakiwa wanasubiri. Mtoto wa kutegemewa kwa sheria ya Kanada kwa kawaida ni aliye chini ya miaka 22 na asiye na mwenzi. Kwa aliyeomba ulinzi akiwa ndani ya Kanada, umri wa mtoto unahesabiwa kama ulivyokuwa siku mzazi alipoomba ulinzi, na hausogei na foleni. Binti aliyekuwa na miaka 17 siku hiyo hapotezi nafasi kwa kutimiza 23 wakati wa kusubiri. Anachoweza kupoteza ni kwa kuolewa au kuanza kuishi na mwenzi kama mke na mume. Mweleze binti huyo na mjomba wake waziwazi, kwa sababu kijijini hakuna anayejua, na mahari yanaweza kupokewa kwa nia njema kabisa.

Muda wa kusubiri ndio wa kukusanya nyaraka za walio nyumbani. Vyeti vya kuzaliwa, na kwa Kongo pengine hukumu ya mahakama inayotumika badala ya cheti kilichochelewa. Cheti cha kifo cha mzazi mwingine kama alifariki. Kama yu hai na hasafiri, ridhaa yake ya maandishi kwamba mtoto anaweza kuhamia Kanada. Karatasi hii moja imekwamisha familia nyingi, maana baba wa mtoto hajulikani aliko au anadai pesa. Anza kumtafuta mapema, kupitia wazee wa familia au mchungaji. Kwa ndoa, kama ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa, usiombe cheti cha kughushi. Eleza mlivyoishi, tangu lini, nani anajua, na weka picha, ujumbe na risiti za pesa ulizotuma. Wizara ikitilia shaka uzazi inaweza kupendekeza kipimo cha DNA, na gharama ni yako, kwa hiyo tenga akiba ndogo kwa ajili hiyo kama nyaraka zako ni dhaifu.

Ikiwa familia haikuweza kushughulikiwa pamoja nawe, una mwaka 1, tangu siku unapopata ukaazi, wa kuwaombea kwa utaratibu mwepesi wa wakimbizi. Andika tarehe hiyo ukutani, maana mwaka huo ukipita, unaingia kwenye udhamini wa kawaida wenye masharti na gharama zake.

Pasipoti na misiba

Mama amefariki. Wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume, au ndiwe binti aliyemuuguza kwa simu miaka yote. Kila mtu anategemea ukafukie kaburi. Na pasipoti ya zamani iko kabatini, au ubalozi uko Ottawa na unaweza kukuhuishia.

Usiende, na usiihuishe, kabla hujazungumza na wakili wa wakimbizi. Kuomba pasipoti ya nchi uliyoikimbia, kuitumia, au kurudi huko, kunaweza kuchukuliwa kama umekubali tena ulinzi wa nchi hiyo. Serikali inaweza kuomba ulinzi wako ukomeshwe, na tangu Desemba 2012 mwenye ukaazi anaweza kuupoteza pamoja na ulinzi huo. Kwa hiyo hatari haiishi siku unapopata kadi ya ukaazi. Inaendelea mpaka uwe raia. Wengi hawajui hili. Wanapata kadi, wanafurahi, wanapanda ndege kwenda Krismasi kijijini.

Kwa safari za kwingine ipo hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotolewa na Kanada. Haikufikishi nchi uliyoikimbia, na baadhi ya nchi hudai visa juu yake, kwa hiyo uliza ubalozi husika kabla ya kulipa tiketi. Wapo wanaokutana na wake au wazee wao katika nchi ya tatu. Kama nchi hiyo inapakana na ulikotoka, na walewale uliowakimbia wanavuka mpaka wanavyotaka, pima hatari ya mwili wako kwanza, halafu ya faili, na mpe wakili mpango wa safari mapema.

Kuhusu msiba wenyewe, sitakudanganya kwamba kutazama mazishi kwa simu kunatosha. Hakutoshi. Lakini usiomboleze peke yako chumbani. Fungua mlango, weka matanga au soma hitima huko uliko, waite Waburundi, Wakenya, Wakongo wa mtaani kwako, nao watakuja na sufuria na viti. Waambie waliobaki nyumbani ukweli: kwamba ukirudi sasa, wajukuu wa marehemu walio kambini hawatatoka. Mzee mmoja mwenye busara katika ukoo akilielewa hilo, atalisimamia mbele ya wengine.

Ulicho nacho tayari

Mtu aliyepewa ulinzi si mtu asiye na chochote. Hurudishwi ulikokimbia. Unaweza kufanya kazi, na kibali chako cha kazi hulipiwi ada. Kibali kikikaribia kuisha, omba upya kabla ya tarehe. Ukiomba mapema unaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale mpaka uamuzi utoke. Chapisha uthibitisho wa maombi umpe mwajiri, maana mameneja wengi wa maghala na nyumba za wazee hawaijui kanuni hii na wanamsimamisha mtu kwa woga. Namba yako ya SIN inayoanza na 9 ina tarehe ya kuisha pia, nayo huhuishwa baada ya kibali.

Una bima ya afya ya mkoa. Ontario ni OHIP. Unaweza kuomba mikopo na ruzuku za wanafunzi za serikali ukitumia uamuzi wa Bodi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote nikiwaona vijana wanasubiri kadi ili waanze chuo. Wanapoteza miaka ambayo hakuna aliyewazuia. Kama una watoto nawe, omba posho ya watoto ya serikali kuu mara tu baada ya kukubaliwa, na kama ulichelewa, omba na ya nyuma tangu ulipostahili. Ili posho iendelee lazima upeleke ritani ya kodi kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili, hata kama hukupata kipato, na mapato ya mwenzi aliye nje yataulizwa pia.

Darasa la lugha la bure la serikali, LINC kwa Kiingereza au mwenzake wa Kifaransa, liko wazi kwako sasa. Usiliache kwa sababu unaelewana na wenzako kazini. Uraia ukija kuombwa, aliye kati ya miaka 18 na 54 hutakiwa kuthibitisha lugha, na cheti cha darasa hilo cha ngazi ya 4 kinakubalika.

Hata siku za kusubiri zina hesabu. Uraia unahitaji siku 1,095 ndani ya Kanada katika miaka 5 kabla ya kuomba. Kila siku uliyokaa hapa ukiwa umepewa ulinzi inahesabiwa nusu, mpaka kufikia siku 365. Aliyesubiri miaka 2 anaingia kwenye ukaazi akiwa na mwaka mzima mkononi. Siku za kabla ya kukubaliwa na Bodi, ukiwa mwombaji wa ulinzi tu, hazimo, na hesabu hiyo haiongezeki baada ya miaka 2. Weka kumbukumbu ya kila safari ya nje ya nchi.

Jiepushe na kesi za jinai. Nataja hasa kuendesha gari umelewa, kwa sababu tangu Desemba 2018 adhabu ya juu ya kosa hilo ni miaka 10, na uhamiaji wanalihesabu kama kosa zito. Chupa mbili kwenye sherehe ya harusi zinaweza kumkosesha mtu ukaazi alioungoja miaka.

Kimya kikizidi

Kuna hatua zisizo na gharama, na zichukue kwa mpangilio huu. Kwanza andika kupitia fomu ya mtandaoni, swali moja fupi, na namba zako zote mbili. Halafu omba kumbukumbu za faili lako chini ya Sheria ya Faragha: ni bure, na sheria inaipa wizara siku 30, ingawa inaweza kuongeza muda. Kumbukumbu hizo zina vifupisho vingi, lakini zinaonyesha kama afya imepita, kama usalama bado, kama kuna karatasi waliyodhani hukuleta. Nimeona faili zilizosimama kwa sababu ya picha mbili tu zilizokataliwa, na mwenyewe hakujua.

Kisha nenda kwa mbunge wako wa shirikisho. Huku si kama nyumbani ambako mbunge anaonekana wakati wa kura. Kila jimbo lina ofisi, na ndani yake kuna mfanyakazi ambaye kazi yake ya kila siku ni kuulizia faili za uhamiaji. Huhitaji kuwa raia wala kumjua mtu. Peleka namba zako na saini ridhaa. Mbunge hawezi kukupitisha mbele ya foleni, ila anaweza kuambiwa faili limekwama wapi.

Mwisho kuna Mahakama ya Shirikisho, ambayo inaweza kuiamuru wizara itoe uamuzi ikiona ucheleweshaji hauna sababu. Hapo unahitaji wakili na pesa, na wakili mkweli atakuambia kama muda wako bado ni ule wa kawaida wa kundi lako, akurudishe nyumbani bila kukutoza zaidi ya ada ya ushauri.

Yeyote mwingine anayekuambia ana mtu ndani, ni tapeli. Hakuna ada ya kuharakisha maombi haya. Mshauri wa uhamiaji wa halali yumo kwenye daftari la umma la chuo chao cha taaluma, wakili yumo kwenye chama cha sheria cha mkoa wake, na majina yote mawili unaweza kuyatafuta kwa simu yako ukiwa umekaa mbele yake. Vishoka wa kwetu wanazungumza Kiswahili kitamu, wanasali na sisi, na wengine hawana ubaya wa makusudi. Lakini wakikosea, sahihi iliyo chini ya fomu ni yako.

Simu za nyumbani

"Mbona mwenzako amewachukua wake?" Swali hilo litakuja, na mara nyingi litatoka kwa mke au mume uliyemwacha na watoto, na ana haki ya kuuliza. Usimpe tarehe ambayo huna. Ukisema "mwakani" mara tatu, mara ya nne hatakuamini hata ukiwa na tiketi mkononi. Mwonyeshe barua zenyewe. Mpigie picha, mtafsirie, mweleze hatua gani imepita na gani bado, na mpe kazi ndani ya faili: yeye ndiye afuatilie vyeti vya watoto, awe na bahasha kama yako. Mtu mwenye kazi ya kufanya anasubiri vizuri kuliko mtu anayepewa ahadi. Kwa watoto, panga saa moja isiyobadilika kila wiki, na ukiahidi saa hiyo usiikose.

Pesa nazo ziwe na kiwango kinachojulikana kila mwezi. Anayetuma yote akabaki na deni la kodi ya nyumba anaishia kufanya zamu mbili usiku na mchana, anaugua, na darasa la lugha linakufa. Familia itakapofika itahitaji nyumba yenye vyumba, na mwenye nyumba ataomba kuona historia yako ya kulipa. Tenga kiasi, hata dola 50, kwa ajili ya siku hiyo.

Na kama usingizi umekwisha, unashtuka kwa kila mlio wa simu, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hilo ni la daktari, wala si udhaifu wa imani. Bima unayo. Kwa dharura ya mawazo ya kujiua, namba ni 988, simu au ujumbe, saa 24, Kanada nzima, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kama lugha zinakupa shida, mtu unayemwamini apige akiwa kando yako.

Leo ukitoka kazini, toa nakala ya fomu yako na usome ukurasa wa familia. Hesabu wanao wote. Kama kuna ambaye hayumo, usisubiri mpaka wiki ijayo kumpigia wakili.